Somo: Kazi na Maradhi ya Korona

Maradhi mapya yakiingia watu huuliza, "Nani ameyaleta?" Lenye manufaa zaidi ni swali hili: "Ni kazi gani zinazokutanisha watu wengi?"

Mwaka 2020 wataalamu walichunguza siku 40 za mwanzo za korona katika nchi na maeneo sita ya Asia. Kati ya wagonjwa 690 walioambukizwa huko huko, 103 walielekea kuyapata kazini. Miongoni mwao walikuwamo wauguzi, madereva, wauzaji, wafagiaji na watumishi wa nyumbani.

Kwa nini hao?

1. Hukaa karibu na watu wengi, pengine mahali pasipopita hewa. Virusi hutoka kwa pumzi, maneno na kikohozi.

2. Mtu huweza kuambukiza wengine siku mbili kabla hajajiona mgonjwa.

3. Kibarua asipofanya kazi halipwi. Basi huenda na homa yake.

Mwaka huo huo madereva wa malori walipimwa mpakani Malaba, kati ya Kenya na Uganda, na wengi wakaogopwa. Kumbe ndio waliokuwa wakipitisha chakula na dawa.

Hapa Wingwi tuna utingo wa daladala, muuza samaki na mchuma karafuu. Tusiwalaumu. Tufungue madirisha, anayekohoa akae nyumbani, na jirani ampelekee chakula.

Maswali:

(a) Nani kijijini kwenu hukutana na watu wengi kwa siku?

(b) Akiugua, nani atawalisha watoto wake?