Maji yamepungua, mbona treni bado imesimama?

Wengi wetu tunaifahamu Reli ya Kati ya Tanzania, iliyofika Kigoma mwaka 1914. Kati ya Kilosa na Gulwe reli hiyo inafuata bonde la mto Mkondoa. Desemba 2009 na Januari 2010 mto ulifurika, ukabomoa reli, na safari za abiria zikasimama kwa miezi kadhaa. Mvua haikunyesha muda wote huo. Kwa nini basi treni hazikurudi mara moja?

Maji yanavyoharibu reli

Vyuma vya reli hufungwa kwenye mataruma. Mataruma hulala juu ya kokoto, na kokoto juu ya tuta la udongo. Mto ukifurika, maji huzoa kokoto na kula udongo wa tuta. Makalvati yakiziba kwa matope na magogo, maji hujaa upande mmoja wa tuta mpaka yalipasue. Hapo reli hubaki ikining'inia kama kamba ya kuanikia nguo. Kwa mbali unaiona nzima, lakini haiwezi kubeba treni.

Ndiyo maana maji yakishuka, mafundi hukagua kwanza tuta, madaraja na makalvati. Hapa Sydney treni zinatumia umeme, kwa hiyo hukagua pia nyaya na taa za ishara. Kazi hiyo huchukua muda, hata siku yenye jua kali.

Hapa Liverpool

Mji wetu uko kando ya mto Georges. Mwaka 2022, mwezi Machi na tena Julai, mto huo ulifurika na baadhi ya wakazi wa Chipping Norton waliamriwa kuhama. Tena, treni za T5 zinazopita Liverpool huenda hadi Richmond, karibu na mto Hawkesbury, uliofurika mwaka 2021 na 2022. Kwa hiyo mvua ya mbali inaweza kuchelewesha treni unayoisubiri hapa.

La kufanya

1. Kabla ya kutoka, piga 131 500 uulize habari za treni na mabasi. Ukihitaji mkalimani, piga kwanza 131 450, uombe Kiswahili.
2. Ukiona tangazo "Buses replace trains", maana yake mabasi yanabeba abiria badala ya treni. Muulize mfanyakazi wa stesheni yanasimama wapi.
3. Mpigie simu mwajiri au shule mapema. Usingoje mpaka saa ya kuingia ipite.
4. Usitembee juu ya reli, hata kama hakuna treni. Tuta linaweza kuporomoka.
5. Usipite kwenye maji ya mafuriko kwa miguu wala kwa gari. Basi likikawia, heri kuchelewa kuliko kutofika.
6. Maji yakitishia nyumba yako, piga 132 500 kuomba msaada wa SES. Maisha yakiwa hatarini, piga 000.

Maswali ya kujadili nyumbani

- Kwa nini reli inaweza kuonekana nzima na bado ikawa hatari?
- Treni zikisimama mchana, nani atamchukua mtoto shuleni?
- Je, kila mtu nyumbani ana namba hizi kwenye simu yake? Ziandikeni leo, kabla mvua haijaanza.