Kichwa Kimoja Tu: Somo juu ya Kaske na Furaha ya Pikipiki

Soma kwanza: Kumbukumbu la Torati 22:8

Ndugu msomaji, somo hili ni lako wewe unayeendesha pikipiki, na wewe unayepanda nyuma, na wewe mama unayempakia mtoto ili asichelewe shuleni. Lisome polepole. Kama jirani yako hajui kusoma, umsomee.

1. Furaha yenyewe si kosa

Kwanza tuseme kweli. Kupanda pikipiki kunapendeza. Mtu aliyezoea kwenda kwa miguu toka Shituru mpaka mjini Likasi, halafu siku moja akapanda pikipiki, anajua jambo hili. Upepo unampiga usoni, jasho linakauka, njia ndefu inakuwa fupi. Kijana anajisikia kama ndege. Hatutaki kumwambia kwamba furaha hiyo ni mbaya.

Wala si sisi tu wenye shauri hili. Huko Ulaya na Amerika wako watu wanaosimama juu ya gurudumu moja tu linaloendeshwa kwa umeme, bila usukani wa kushika. Wakilidai nguvu kupita uwezo wake, gurudumu linashindwa kuwabeba nao wanatupwa mbele kifudifudi. Watu hao nao wanaulizana kama tunavyoulizana sisi: je, nikivaa kaske, furaha yangu haipungui?

Sasa fikiri juu ya sheria uliyoisoma katika Kumbukumbu la Torati. Nyumba za Waisraeli zilikuwa na dari tambarare, na watu walipanda juu jioni kupunga upepo. Sheria haikuwakataza kupanda. Iliwaagiza kujenga ukuta mdogo kuzunguka dari, mtu asianguke na damu yake ikawa juu ya mwenye nyumba. Basi upepo ulibaki, na ukuta ukawekwa. Kaske ndiyo ukuta huo kwa mpanda pikipiki.

2. Kichwa kinapogonga chini

Mungu ameweka ubongo ndani ya fuvu, kama kitu cha thamani ndani ya sanduku. Fuvu ni gumu, lakini ubongo ni laini sana, nao unaelea katika maji kidogo. Kichwa kikigonga barabara, fuvu linasimama mara moja, lakini ubongo bado unakwenda. Unapigwa na ukuta wa fuvu upande mmoja, kisha unarudi na kupigwa upande wa pili. Mishipa myembamba ya damu inakatika. Pengine ngozi haina hata kidonda, lakini ndani damu inavuja.

Usiseme, “Mimi siendi mbio.” Mtu anayekwenda mwendo wa kilometa 40 kwa saa, akigonga ukuta, ni sawasawa na mtu aliyeanguka toka dari yenye urefu wa meta 6. Kwa mwendo wa kilometa 50 ni karibu meta 10. Ni nani kati yetu angekubali kutupwa kichwa chini toka meta 6 kwa sababu tu ni “hapa karibu”?

Kuna hatari nyingine inayodanganya wengi. Kijana mmoja alianguka jioni. Akasimama, akajipangusa mavumbi, akacheka pamoja na wenzake, akarudi nyumbani. Akasema kichwa kinauma kidogo, akaenda kulala. Mama yake akafurahi kuona amelala vizuri. Asubuhi alipokwenda kumwamsha, hakuamka. Damu ilikuwa imevuja polepole usiku kucha kati ya fuvu na ubongo, ikaukandamiza ubongo mpaka pumzi ikasimama. Saa zile alizocheka ndizo saa ambazo angaliweza kusaidiwa.

3. Kaske inafanya kazi gani?

Kaske njema ya pikipiki ina sehemu tatu. Nje kuna ganda gumu. Ganda linatawanya nguvu ya pigo, lisiingie mahali pamoja. Ndani kuna povu gumu jepesi, linalofanana na lile linalowekwa katika katoni kuzunguka televisheni mpya. Povu hilo linapondwa badala ya kichwa, na kwa kupondwa linampunguzia mtu mwendo wa kichwa chake kidogo kidogo. Sehemu ya tatu ni mkanda wa kidevuni. Mkanda usipofungwa, kaske inaruka kabla ya kichwa kufika chini, na mtu ni kama hakuvaa kitu.

Povu likipondwa mara moja, haliinuki tena. Kwa hiyo kaske iliyokwisha kuanguka na mtu katika ajali imemaliza kazi yake. Usiinunue, hata kama nje inang’aa.

Jambo hili lilifahamika kwa msiba. Mwaka 1935 Mwingereza mmoja mwenye sifa kubwa, T. E. Lawrence, alikuwa akiendesha pikipiki karibu na nyumba yake huko Dorset. Aliipenda pikipiki kuliko starehe nyingine. Akakuta vijana wawili juu ya baisikeli, akawakwepa, akatupwa. Kichwa chake kilikuwa wazi. Alilala siku 6 bila kuamka, akafa akiwa na miaka 46. Mmoja wa waganga walioitwa kwake alikuwa Hugh Cairns, fundi wa kupasua ubongo. Baadaye Cairns alichunguza ajali za askari wa pikipiki, na mwaka 1941 akaandika kwamba waliovaa kaske waliumia kichwa kidogo kuliko wengine. Mwaka uleule jeshi la Uingereza liliwaamuru askari wake wa pikipiki kuvaa kaske. Raia wote waliamriwa mwaka 1973.

Tangu hapo wachunguzi wamehesabu ajali za nchi nyingi. Mwaka 2008 walikusanya hesabu hizo pamoja wakaona kwamba kaske inapunguza hatari ya kufa kwa 42 katika 100, na hatari ya kuumia kichwa kwa 69 katika 100. Angalia vema: haikuandikwa 100 katika 100. Kaske si hirizi. Hailindi miguu wala tumbo, wala haimponyi mlevi na ulevi wake. Lakini mlango wa kuumia kichwa, uliokuwa wazi kabisa, imeufunga zaidi ya nusu.

4. Kaske ya kazini si kaske ya njiani

Neno hili ni la sisi watu wa Shituru hasa. Tangu mwaka 1929 tumeishi kando ya kiwanda cha kutoa shaba kwa umeme, kwanza chini ya Union Minière, baadaye chini ya Gécamines. Baba zetu walijifunza kuvaa kaske huko. Hakuna fundi anayeona haya kuivaa chini ya mashine.

Lakini tazama jioni. Baba yuleyule anatoka kazini, anatundika kaske yake kwenye usukani, anarudi kichwa wazi katikati ya makamyo yanayochukua shaba na kobalti kwenda Lubumbashi. Je, kichwa chake ni mali ya kampuni mchana, na jioni hakina mwenyewe?

Mwingine anavaa ileile ya kazini juu ya pikipiki, akidhani amejilinda. Amejidanganya. Kaske ya kiwandani ilitengenezwa kwa ajili ya jiwe au chuma kinachoanguka toka juu. Haifuniki masikio wala kisogo, na ndani haina povu nene la kupondwa. Mpanda pikipiki hapigwi toka juu. Anapigwa mbele, nyuma na ubavuni.

5. Tuweke mambo katika mizani

Watu wana sababu zao, nazo si za kuchekwa. Tuzipime moja moja.

“Kaske ina joto.” Ni kweli, hasa mwezi wa kumi kabla ya mvua. Lakini joto linaisha ukishuka. Na asubuhi za mwezi wa sita na wa saba, baridi inapouma, kaske inakulinda.

“Inaharibu nywele zangu.” Mama, tunajua kazi ya kusuka, na fedha yake. Lakini nywele zitasukwa tena. Tena kwa mtu aliyepasuka kichwa, kazi ya kwanza hospitalini ni kuzinyoa.

“Kaske ya taksimoto imevaliwa na watu wengi, ina jasho na chawa.” Hilo ni neno la haki. Chukua kitambaa chembamba safi katika mfuko wako, ukivae chini ya kaske. Kisiwe kilemba kinene, maana kaske haitakaa vizuri. Nawe dereva, anika kaske ya abiria juani, uipanguse kila siku.

“Fedha hazitoshi.” Kaske njema ni ya bei, hatukatai. Lakini tazama simu iliyo mfukoni mwako, na redio uliyoifunga kwenye pikipiki. Na ukumbuke kwamba ndugu zako watachanga fedha nyingi zaidi kwa kitanda cha hospitali, au kwa matanga.

“Ninataka kusikia upepo.” Sababu hii ndiyo kubwa, ingawa wengi hawaitaji. Basi uipime kwa uaminifu. Ukivaa kaske unapoteza nini? Upepo kidogo juu ya kichwa. Mwendo unabaki, njia inabaki, kifua na mikono bado vinapigwa na upepo. Na kile ulichopoteza leo hakitatafutwa na mtu ye yote kesho. Usipovaa, siku moja utapoteza nini? Pengine uhai. Pengine utabaki hai, lakini hutamtambua mke wako, na mama yako mzee atakulisha kwa kijiko kama mtoto mchanga. Upande mmoja wa mizani kuna kitu cha dakika kumi. Upande wa pili kuna mtu mzima. Mizani ya namna hii haisumbui macho.

Tena furaha ni yako, lakini malipo si yako peke yako. Watoto wako hawakuulizwa.

6. Habari ya mtoto

Mara nyingi tunaona pikipiki moja imebeba baba, mama na watoto wawili. Baba pekee ana kaske, kwa kuogopa polisi. Ndugu, je, kichwa cha mtoto ni kigumu kuliko chako? Kichwa cha mtoto ni kizito kwa mwili wake, naye akianguka, mara nyingi kichwa ndicho kinachotangulia. Usimweke mbele juu ya tangi la mafuta. Usimvalishe kaske ya mtu mzima inayochezacheza. Kama hakuna kaske ya kipimo chake, mwende kwa miguu, au mpande gari. Kuchelewa shuleni kunasameheka.

7. Namna ya kuchagua na kuvaa

Kaske ikae chini juu ya paji la uso, vidole viwili tu juu ya nyusi. Isiwe imeinuliwa nyuma kama kofia ya sherehe.

Tikisa kichwa. Kama kaske inazunguka peke yake, ni kubwa.

Funga mkanda. Vidole viwili viweze kupita chini ya kidevu, visizidi.

Bonyeza ndani kwa kidole. Kama kuna sponji laini tu bila povu gumu nyuma yake, hiyo ni pambo. Kaske nyingi njema zina alama ya herufi E ndani ya duara, mara nyingi kwenye mkanda.

8. Ukikuta mtu ameanguka

Kwanza zuia magari yasimkanyage. Usimvute kwa mikono wala kumketisha. Usimpe maji, pombe wala dawa kinywani.

Usimvue kaske, ila kama hawezi kupumua au anatapika. Hapo wawe watu wawili: mmoja ashike kichwa na shingo pasipo kutikisika, wa pili aivute polepole.

Kama amezimia lakini anapumua, mgeuze ubavu, kichwa na mwili pamoja, asisongwe na matapishi. Damu ikitoka kwenye ngozi, kandamiza kwa kitambaa safi. Ikitoka sikioni, usizibe.

Mchukueni juu ya ubao, ndani ya gari. Msimketishe kati ya watu wawili juu ya pikipiki nyingine.

Na mtu aliyegonga kichwa, hata akicheka, asilale peke yake usiku ule. Umwamshe mara kwa mara, umwulize jina lake. Mpeleke hospitali upesi ukiona moja la mambo haya: anatapika tena na tena, maumivu ya kichwa yanazidi, haamki vizuri au anasema ovyo, mboni ya jicho moja ni kubwa kuliko ya pili, mkono au mguu umelegea, anashikwa na degedege, maji meupe au damu inatoka puani au sikioni. Usingoje kupambazuke.

Maulizo

1. Sheria ya Kumbukumbu la Torati 22:8 ilikataza watu kupanda juu ya dari? Iliagiza nini?
2. Kwa nini mtu anaweza kufa bila kidonda cha nje?
3. Kwa nini kaske ya kiwandani haifai juu ya pikipiki?
4. Kaske iliyopata ajali ina ubaya gani?
5. Taja mambo manne ya hatari baada ya kugonga kichwa.
6. Nyumbani kwako kuna vichwa vingapi vinavyopanda pikipiki, na kaske ngapi?

Ulizo la sita usilijibu kwa kinywa. Lijibu kwa kazi, kabla pikipiki haijatoka tena uani.