SOMO LA AFYA: Mishipa ya damu inapovimba tumboni

Huko Ukerewe na vijiji vingine vya kando ya Ziwa Victoria huonekana mtu ambaye tumbo limejaa, mikono imekonda, na siku moja anatapika damu nyingi. Majirani husema karogwa. Hakurogwa. Tufuate njia ya damu.

Damu kutoka kwenye utumbo na bandama hukusanywa na mshipa mmoja mkubwa unaoingia kwenye ini. Ini ni chujio. Basi, minyoo ya kichocho cha tumbo, yenye urefu wa sentimita 1 hivi, hukaa ndani ya mishipa ya utumbo na kutaga mayai kila siku. Mengine hutoka na choo. Mengine huchukuliwa na damu mpaka kwenye ini, yakanasa humo na kuacha makovu. Miaka inapita, chujio linaziba.

Wewe mkulima unajua mfereji ukiziba maji hufanyaje. Hurudi nyuma, yakatafuta njia nyingine. Damu nayo ni hivyo hivyo. Bandama inavimba. Damu inajisukuma kwenye mishipa myembamba ya koo la chakula, nayo inatanuka, mwisho inapasuka. Mara chache sana ule mshipa mkubwa wenyewe hutuna kama kifuko, hata kupita sentimita 2. Mara nyingi kifuko hicho hakiumi. Daktari hukiona kwa ultrasaundi, na kama ni kidogo na hakisumbui, hukipima tena baadaye bila kupasua.

Kwenye kituo cha afya watapapasa bandama na kupima choo. Prazikwanteli huua minyoo, lakini mishipa iliyokwisha kutanuka ina tiba yake. Kuna vidonge vya kupunguza msukumo wa damu. Hospitali kubwa huingiza mpira mwembamba wenye kamera mdomoni, wakaifunga mishipa hiyo kwa vipete vya mpira.

Choo cheusi kama lami ni damu hiyo hiyo. Usingoje atapike! Aliyetapika mlaze ubavu. Asipewe uji, dawa ya mizizi wala aspirini. Apelekwe hospitali saa ile ile, hata usiku, na ndugu wawili watatu wenye afya wafuatane naye, maana huenda akaongezewa damu.

Maswali
1. Kwa nini bandama huvimba wakati ugonjwa uko kwenye ini?
2. Kijijini kwenu, usiku, mgonjwa atasafirishwa kwa chombo gani?