Dondoo muhimu: Mbamba Bay kupitia Mbinga
Lami imerahisisha mteremko wa kilomita 66 kutoka Mbinga. Ila Ziwa Nyasa unaloshukia ni lilelile, na hatari zake.

- Usipite milima ya Umatengo mbio: simama uone ngoro, mashimo ya kilimo yanayoshikilia udongo mlimani. Beba sweta kwa baridi ya huko.
- Usioge penye majani na maji yaliyotuama, makazi ya konokono wa kichocho. Utaambiwa wenyeji huoga humo kila siku. Kweli, na ndiyo maana watoto wao hugawiwa dawa shuleni. Ukigusa maji hayo, kujifuta haraka hakutoshi. Kapime kichocho wiki 6 hadi 8 baadaye, hata kama huumwi.
- Mei hadi Agosti upepo wa kusini huchafua ziwa: usipande mtumbwi bila jaketi la kujiokolea.
- Lala ndani ya chandarua.