Panga Kurudi Kwanza: Kijitabu cha Msafiri wa Peke Yake, Sumbawanga na Ufipa

Kijitabu hiki ni cha mtu anayesafiri peke yake, mfuko wake mwepesi na likizo yake ya siku chache. Anaweza kuwa mwalimu aliyefunga shule, muuguzi aliyemaliza zamu ndefu, mwanafunzi wa chuo, au mgeni kutoka Nairobi aliyechoka kuambiwa kwamba Tanzania ni Serengeti na Zanzibar tu. Sumbawanga, makao makuu ya Mkoa wa Rukwa juu ya uwanda wa Ufipa, inamfaa. Mji ni mdogo, vyumba vya kulala ni vya bei nafuu, na ukiufanya kituo chako unaweza kuona maporomoko ya Kalambo, bonde la Ziwa Rukwa, msitu wa Mbizi na bandari ya Kasanga bila kuhamahama na begi.

Kwenda mahali hapa pote ni rahisi kuliko unavyodhani. Ugumu uko kwenye kurudi, na ndiyo maana kijitabu kimepewa jina hilo.

Kufika Sumbawanga

Njia ya kawaida ni Mbeya hadi Tunduma, kisha zaidi ya kilomita 200 za lami kupitia Laela. Anayetoka Dar es Salaam ana zaidi ya kilomita 1,100 mbele yake, na tunamshauri alale Mbeya: usiku mmoja wa gesti ni nafuu kuliko kuipoteza siku nzima ya kwanza Sumbawanga ukiwa umelala kwa uchovu.

Njia ya pili haitajwi sana, nayo ni nzuri. Panda treni ya Reli ya Kati hadi Tabora, ushike tawi la Kaliua hadi Mpanda, halafu uchukue basi la kushuka kusini. Barabara hiyo inakatiza Hifadhi ya Taifa ya Katavi. Ukikaa dirishani, ukiwa na bahati, utaona wanyama kwa nauli ya basi.

Nauli za mabasi hayo husimamiwa na LATRA. Dai tiketi ya mtandao yenye jina lako na kiasi ulicholipa. Mpigadebe akikwambia basi limejaa isipokuwa siti moja ya mwisho, nenda dirisha la ofisi uulize mwenyewe.

Siku ya mjini

Tuseme ukweli: Sumbawanga haina majumba ya makumbusho wala mnara wa kupigia picha. Anayekuja akitafuta Mji Mkongwe atarudi analalamika. Kivutio cha mji huu ni chakula na watu wanaokilima. Rukwa ni miongoni mwa mikoa inayolisha nchi kwa mahindi, na vihenge vya Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula, NFRA, ni alama yake mjini. Baada ya mavuno utakuta malori yakipakia usiku na mchana.

Anzia sokoni asubuhi, kama saa mbili, kabla jua halijapanda na watu wakiwa bado na makoti. Tazama nafaka inavyopimwa. Mama muuzaji anajaza sado ya ulezi, anaitikisa mara moja ili punje zikae, anaongeza kiganja kimoja juu mpaka inakuwa na kilele, kisha anakuangalia usoni uone kwamba hakukupunja. Pembeni kuna maharage ya rangi ambazo Dar hazifiki na migebuka ya Ziwa Tanganyika iliyopasuliwa na kukaushwa. Nunua robo kilo ya dagaa wa Kirando hata kama huna jiko. Mama lishe wa jirani atakukaangia kwa pesa kidogo na kukupa ugali wa ulezi, mweusi, mzito, unaokaa tumboni hadi jioni. Msafiri wa bajeti ndogo hahitaji mlo mwingine mchana.

Mchana tembea kwa miguu. Kanisa kuu la Jimbo Katoliki la Sumbawanga liko wazi kwa anayeingia kwa heshima. Wamisionari wa White Fathers walifika Karema, kwenye pwani ya Ziwa Tanganyika, mwaka 1885, na ukitembea Ufipa utakuta alama zao kila penye misheni ya matofali ya kuchoma. Jioni, panapo mechi, Uwanja wa Nelson Mandela ni mahali pazuri pa kukaa na watu bila kujieleza wewe ni nani.

Magari ya vijijini yana ratiba yake

Hapa tunakaa kidogo, maana wageni wengi hukwama hapa.

Magari ya kwenda vijijini hayakuwekwa kwa ajili ya mtalii. Yaliwekwa kwa ajili ya mwanakijiji. Kwa kawaida hutoka kijijini alfajiri yakiwaleta watu sokoni, hospitali ya mkoa na ofisini, na hutoka mjini mchana au alasiri yakiwarudisha. Wewe unataka kinyume chake: kwenda asubuhi na kurudi jioni. Ukipanda gari la saa nane mchana kwenda Muze, huko bonde la Rukwa, ukidhani utarudi nalo, dereva atazima injini, atashusha mizigo, na kwenda kwake kula. Gari hilo limefika nyumbani.

Kwa hiyo unabaki na njia tatu. Ya kwanza ni kwenda mchana, kulala hukohuko, na kurudi na gari la alfajiri. Ni nafuu kuliko zote, na kwa maoni yetu ndiyo yenye utamu zaidi. Ya pili ni kupanda mchomoko, yaani gari dogo la abiria, hadi mji wa njiani, kama Matai, halafu kukodi bodaboda ya kwenda na kurudi. Ya tatu ni kuchangia gari na wengine. Waulize wapangaji wenzako gesti, au walimu na watumishi wanaopenda kutembea Jumamosi. Gari linalomlemea mtu mmoja linabebeka na watu wanne.

Kabla ya kupanda chochote, mwulize kondakta swali moja: la mwisho kurudi linatoka saa ngapi? Kisha mwulize mtu mwingine asiye na gari. Jumapili na sikukuu magari hupungua.

Kalambo

Kutoka Sumbawanga hadi Matai, makao makuu ya Wilaya ya Kalambo, ni lami. Kutoka Matai unaelekea kijiji cha Kapozwa, na sehemu ya mwisho ni ya vumbi, ambayo masika hugeuka utelezi. Patana na bodaboda bei ya kwenda, kusubiri na kurudi kwa pamoja, na ulipe nusu tu kwanza. Nusu ya pili ndiyo tiketi yako ya kurudi.

Maporomoko yanasimamiwa upande wetu na Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania, TFS. Kiingilio hulipwa kwa namba ya malipo ya serikali, na raia hulipa kidogo kuliko mgeni, hivyo beba kitambulisho cha NIDA. Mto Kalambo unaanguka kwa mkupuo mmoja zaidi ya mita 200, karibu mara mbili ya maporomoko ya Victoria, kisha unapita korongoni kwenda Ziwa Tanganyika. Ukitaka maji mengi njoo mvua zinapoisha, Aprili na Mei. Ukija Septemba au Oktoba utakuta uzi mwembamba wa maji, lakini njia ni kavu, na kiangazi ndicho msimu wa kuwatazama korongo wakubwa wenye upara na mfuko shingoni, wanaojenga viota kwenye kuta za mwamba. Usisogee ukingoni kwa ajili ya picha. Mwamba una ukungu na unateleza, na uko peke yako.

Mto huo ndio mpaka wa Tanzania na Zambia. Usivuke kwa kuruka mawe hata wenyeji wakifanya hivyo. Njia halali ya kwenda Mbala, mji wa upande wa Zambia, ni kituo cha mpakani cha Kasesya, ukiwa na hati ya kusafiria. Simu nayo inaweza kushika mnara wa upande wa pili ukalipa gharama za nje, basi zima huduma ya “roaming”.

Juu ya maporomoko, upande wa Zambia, mwanaakiolojia J. Desmond Clark alianza kuchimba miaka ya 1950. Mwaka 2023 watafiti wakiongozwa na Larry Barham wa Chuo Kikuu cha Liverpool walitangaza kwamba magogo mawili waliyoyakuta hapo, moja likiwa limechongwa likae juu ya jingine, yana umri wa miaka 476,000 hivi. Yalichongwa kabla binadamu wa aina yetu hajatokea duniani. Yalidumu kwa sababu ardhi ya pale imelowa maji muda wote. Ukikaa juu ya korongo lile na chupa yako ya maji, hilo linatosha kukushughulisha saa nzima.

Ukiwa na siku ya ziada, lami ileile ya Matai inaendelea hadi Kasanga, iliyoitwa Bismarckburg wakati wa Wajerumani. Hapo ndipo Liemba ilipozoea kutia nanga, meli iliyojengwa Papenburg mwaka 1913, ikazamishwa 1916 na kuibuliwa 1924. Usipange safari kwa kuitegemea meli. Na usipige picha bandari wala eneo la ulinzi.

Bonde la Rukwa

Barabara ya Ntendo hadi Muze inatoka kwenye uwanda wa baridi na kuporomoka kwa kona kali hadi bondeni. Ufipa uko kwenye mwinuko wa mita 1,700 na zaidi, bonde liko kwenye mita 800 hivi. Koti ulilovaa alfajiri utalikunja mapajani kabla ya saa tano. Kaa upande wa dirisha linalotazama bonde, na kama kona zinakusumbua usile kwanza.

Ziwa Rukwa halina mto wa kutoka, maji yake ni ya magadi, na kina chake ni kifupi, hivyo ufuko husogea mbali au karibu kwa kadiri ya mvua za miaka iliyopita. Mwenyeji ndiye atakayekuambia ulipo mwaka huu. Lina mamba na viboko wengi. Usioge wala kunawa miguu, na saa kumi na moja jioni uwe umeshaondoka ufukoni. Sehemu ya ziwa na pwani yake ni Pori la Akiba Uwanda, ambamo kuingia bila kibali ni kosa. Ukilala bondeni, dai chandarua, na maji ya kunywa yawe ya chupa au ya kuchemsha.

Mbizi na matanuru ya chuma

Safu ya Mbizi iko jirani kabisa na mji na ndiyo matembezi ya bei ndogo kuliko yote. Pita kwanza ofisi ya TFS uulize kibali na mtu wa kukuongoza. Mabaki ya msitu wa asili huko ni makazi ya mbega wekundu, na vijito vyake vinaunywesha mji. Kutoka ukingoni, siku isiyo na ukungu, unaliona bonde la Rukwa lote chini yako.

Njiani utaona mashamba yenye matuta ya duara. Wafipa hukusanya nyasi, huzifukia kwa udongo na kuziacha zioze, ndipo hupanda. Ni mbolea iliyotumika hapa tangu kabla ya mbolea ya dukani. Katika baadhi ya vijiji bado yapo malungu, matanuru marefu ya udongo ya kuyeyushia chuma, yaliyovuta hewa yenyewe bila mivukuto. Chuma chake kilisafishwa tena kwenye tanuru dogo ndipo kikaenda kwa mhunzi wa majembe. Mengi yako ndani ya mashamba ya watu. Anzia ofisi ya mtendaji wa kijiji, usipande juu ya matanuru, na usiondoke na hata kipande cha mavi ya chuma.

Kuhusu uchawi, na kuhusu radi

Utaambiwa kabla hujafika kwamba Sumbawanga watu hutumiana radi. Wenyeji wamechoka na utani huo, hasa unapotoka kwa mgeni aliyekaa kwenye meza yao. Hakuna anayekuwinda. Usiulize nyumba ya mganga ili upige picha.

Radi yenyewe lakini ni ya kweli. Uwanda ni wa juu, miti ni michache, na kati ya Novemba na Aprili mawingu hujikusanya alasiri. Matembezi ya Mbizi yaanze saa moja asubuhi na yaishe kabla ya saa saba. Ikikukuta njiani, shuka kwenye bodaboda, ondoka kileleni na chini ya mti ulio peke yake, ingia kwenye nyumba imara au gari lililofungwa. Aliyepigwa radi hana umeme mwilini: mshike, umwahishe hospitali, na kama hapumui anza kumkandamiza kifua.

Gesti, fedha na usalama

Chagua gesti yenye mhudumu usiku na komeo la ndani. Mwanamke anayesafiri peke yake afikirie nyumba za wageni za makanisa, ambazo huwa tulivu. Andika jina lako halisi kwenye daftari la wageni. Juni na Julai omba blanketi la pili kabla hujalipa. Pesa iwe kwenye simu, lakini noti ndogondogo ziwe mfukoni, maana vijijini wakala anaweza kuwa amefunga au ameishiwa. Mpigie mtu mmoja wa nyumbani kila asubuhi umtajie unakokwenda na utakakolala. Dharura ya polisi ni 112, ya zimamoto 114.

Ukiachwa na gari

Ikitokea jua linazama ukiwa Muze au Kapozwa na hakuna usafiri, usikubali bodaboda ya usiku kupanda kona zile. Mtafute mtendaji wa kijiji au mwenyekiti wa kitongoji kungali na mwanga, umwamkie, umwoneshe kitambulisho na umweleze ulikotoka. Atakuelekeza gesti iliyopo au nyumba itakayokupokea. Uliza hapohapo gari la alfajiri linapakia wapi, mwombe mwenye nyumba akugongee saa kumi, na mlipe usiku huohuo, ili asubuhi usianze kutafuta chenji gizani huku gari linapiga honi.