Samaki Ndani ya Kioo: Maji Kwanza, Samaki Baadaye

 

Ndugu zangu na dada zangu katika imani, katika vyumba vya wanafunzi hapa Ruharo nimeona matangi ya samaki wa mapambo yakiongezeka. Mtu ananunua samaki wawili na uduvi watano, anawatia kwenye mtungi, na baada ya wiki moja mtungi ni mtupu. Wiki inayofuata ananunua wengine. Nikiwa mwanafunzi wa masomo ya Kiislamu na mpenzi wa samaki hawa, naulizwa maswali mawili kila mara: je, sheria inaruhusu kuwafuga, na kwa nini wanakufa? Katika somo hili nitaonyesha kwamba majibu ya maswali haya yanategemeana.

1. Hukumu ya kumfuga mnyama kwa ajili ya kuliwazika

Msingi wa mlango huu ni hadithi ya Anas bin Malik (r.a.), iliyopokewa na Bukhari na Muslim, kuhusu mdogo wake Abu Umayr. Mtoto huyu alikuwa na ndege mdogo wa kuchezea. Mtume (s.a.w.) alikuwa akimtania na kumuuliza habari za ndege wake, wala hakumkataza kumweka. Mwanachuoni wa Kishafii Ibn al-Qass aliandika kitabu kizima kuhusu hadithi hii fupi, akatoa ndani yake faida zaidi ya sitini. Ibn Hajar al-Asqalani (aliyefariki 852 H) alizitaja katika sherehe yake ya Bukhari, na miongoni mwake ni kwamba inajuzu kumfungia ndege. Samaki wa kioo huingia katika mlango huo huo kwa kiasi.

2. Sharti la ruhusa hiyo

Ruhusa hii ina sharti. Tunaijua hadithi ya mwanamke aliyeadhibiwa kwa sababu ya paka, iliyomo pia katika Bukhari na Muslim. Kosa lake lilikuwa na sehemu mbili: hakumlisha paka, na hakumwachia atoke akajitafutie mwenyewe. Anayemfunga kiumbe amemwondolea uwezo wa kujitafutia, kwa hiyo mahitaji yote ya kiumbe huyo yanahamia kwake.

Mafakihi wetu walilichukua jambo hili kwa uzito mkubwa. Imamu Nawawi (aliyefariki 676 H), mwishoni mwa mlango wa matumizi ya lazima katika Minhaj, anasema kwamba mwenye mnyama analazimika kumlisha na kumnywesha, na akikataa hulazimishwa amlishe au amuuze, na kama ni mnyama wa kuliwa anaweza kumchinja. Katika kitabu chake cha Rawda amefika hadi kwa wadudu: nyuki waachiwe asali ya kuwatosha ikiwa hawana chakula kingine, na viwavi wa hariri wapatiwe majani ya mforosadi. Ikiwa kiwavi ana haki kwa mwenyewe, uduvi wako anayo pia.

Sasa zingatia tofauti iliyopo. Ng'ombe anahitaji majani na maji ya kunywa. Samaki anaishi ndani ya maji, anapumua humo na anajisaidia humo humo. Akichafukiwa, hana pa kuhamia. Kwa hiyo wajibu wa kwanza wa mfugaji wa samaki ni kutunza maji, na chakula kinafuata. Wengi wanaowapoteza samaki wao hawakuwanyima chakula. Waliwapa kingi mno, kikaoza.

3. Maji twahara na maji salama

Katika fiqhi tumezoea kuyapima maji kwa sifa tatu: rangi, ladha na harufu. Kipimo hiki kinatosha kwa udhu, ila kwa samaki hakitoshi, na hapa ndipo wanafunzi wengi wanapokosea. Maji yanaweza kuwa meupe kama kioo, hayana harufu, nawe ukatawadhia bila shaka yoyote, na bado yakamuua samaki.

Sababu ni amonia. Samaki huitoa kwa njia ya matamvua na kinyesi, na chakula kinachooza huizalisha pia. Ikiwa kidogo huwezi kuiona wala kuinusa, lakini inaunguza matamvua. Allah amejaalia bakteria wanaoibadilisha. Kundi la kwanza huigeuza amonia kuwa nitriti, ambayo nayo ni sumu kwa sababu inaizuia damu kubeba oksijeni. Kundi la pili huigeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo madhara yake ni madogo zaidi na ambayo mimea huitumia kama mbolea. Tangi jipya halina bakteria hawa wa kutosha. Huchukua takriban wiki 4 hadi 6 kuongezeka, na wengi wao huishi ndani ya sponji ya filta na kwenye kokoto.

Kwa hiyo fuata utaratibu huu:

(a) Nunua tangi na filta kabla ya samaki. Tangi la sentimita 60 kwa 30 kwa 30 hubeba lita 54, yaani karibu kilo 54 za maji, basi liweke juu ya meza imara, mbali na jua la dirishani. Filta ya sponji inayoendeshwa na pampu ndogo ya hewa inatosha.

(b) Jaza maji, washa filta, tia mimea, kisha subiri. Kila siku tupia chembe chache za chakula cha samaki ili zioze na kuwalisha bakteria. Ukiwa na rafiki mwenye tangi la zamani lenye afya, mwombe kipande cha sponji yake iliyokwisha kutumika. Hiyo ni zawadi kubwa kuliko samaki, kwani inakupunguzia wiki kadhaa.

(c) Maji ya bomba la mjini hutiwa klorini ili kutulinda sisi na maradhi, lakini klorini huwadhuru samaki na huwaua bakteria wako. Yaache ndani ya beseni lililo wazi kwa saa 24 hadi 48 kabla ya kuyatumia. Ukipata dawa ya kuondoa klorini, hiyo ina uhakika zaidi.

(d) Kila wiki toa robo ya maji na urudishe mengine yaliyotulia. Usibadilishe yote kwa mara moja. Sponji ioshe ndani ya maji uliyoyatoa tangini, usiipeleke bombani.

(e) Lisha mara moja kwa siku, kiasi kinacholiwa ndani ya dakika mbili. Mwezi wa Ramadhani usimwonee huruma samaki ukampa daku.

4. Wingi wa maji ni hifadhi

Katika madhehebu ya Shafii tunafundishwa kuwa maji yaliyofika qullatayn, ambayo wengi huyakadiria kuwa takriban lita 200, hayanajisiki kwa kuingiwa na najisi mpaka moja ya sifa zake ibadilike, ilhali maji machache hunajisika kwa kuingiwa tu. Hukumu hiyo ni ya twahara, na simaanishi kuipeleka kwenye amonia. Ila inatusaidia kukumbuka jambo moja la ufugaji: maji mengi huvumilia kosa, na machache hayavumilii. Chembe moja ya chakula kilichooza ndani ya mtungi wa lita 3 ni balaa. Ndani ya lita 54 ni jambo dogo. Anayeanza anadhani mtungi mdogo ni rahisi kuutunza, kumbe ndio mgumu kuliko yote.

Katika lita 54 anza na gapi madume sita. Gapi anapenda nyuzi joto 22 hadi 28, na kwa kuwa Mbarara iko kwenye mwinuko wa mita 1,400 hivi na usiku wake ni wa baridi, chumba kisichopigwa na upepo ni bora. Nasema madume kwa sababu jike huzaa watoto hai karibu kila mwezi, na huhifadhi mbegu za dume kiasi kwamba anaweza kuendelea kuzaa kwa miezi kadhaa bila dume. Samaki wa dhahabu usimtie humo. Hukua hadi kupita sentimita 20 na huishi zaidi ya miaka kumi akitunzwa. Mtungi kwake ni jela.

5. Uduvi na dawa ya mbu

Uduvi wekundu wanaouzwa kwa mapambo asili yao ni Asia ya Mashariki, na wanastahimili ubaridi wa kwetu vizuri kuliko samaki wengi wa kitropiki. Hula ukungu wa kijani na mabaki ya mimea. Wanataka tangi lililokomaa, basi waongeze miezi miwili au mitatu baada ya kuanza. Wakijivua gamba usiliondoe, kwa maana hulila ili kurudisha madini yake.

Wana maadui wawili ambao wanafunzi hawawajui. Wa kwanza ni shaba, ambayo imo katika baadhi ya dawa za kutibu samaki. Soma karatasi ya dawa kabla ya kuitia. Wa pili ni dawa ya mbu ya kupuliza. Uduvi ni jamaa wa karibu wa wadudu, na kinachoua mbu kinamuua yeye pia kwa kiasi kidogo sana. Chumba kikipulizwa, funika tangi kwa plastiki, zima pampu kwa muda mfupi ili isivute hewa ile, fungua madirisha, kisha uiwashe tena hewa ikishakuwa safi. Mwenzako wa chumba ajulishwe mapema, asije akapuliza wewe uko darasani.

Umeme ukikatika kwa muda mrefu, chota maji ya tangi kwa kikombe na uyamimine tena kwa juu mara kadhaa ili yapate hewa. Siku hiyo usilishe.

6. Wenzetu wa Nakivale na haki ya maji

Baadhi ya wasomaji wetu familia zao ziko Nakivale, makazi ya wakimbizi yaliyoanzishwa 1958, na wanarudi huko wakati wa likizo. Huko maji huhesabiwa kwa jerikeni. Swali linakuja: je, si israfu kumpa samaki maji ambayo mama amepanga foleni kuyapata?

Fiqhi inatupa mizani. Katika mlango wa tayammum, Mashafii wanasema kuwa mwenye maji anayoyahitaji kwa kiu ya kiumbe mwenye heshima, akiwemo mnyama, anaacha kutawadhia na anatayamamu. Ona jinsi kiu ya mnyama ilivyotangulizwa mbele ya udhu. Sisemi kwamba mwenye tangi atayamamu kwa ajili ya samaki wa mapambo. Suala hilo mpelekee sheikh wako. Nachosema ni kwamba ukishamfunga kiumbe, maji yake yamekuwa haki juu yako, na kwa hiyo swali la israfu liulizwe kabla ya kununua. Tangi la lita 40 linataka lita 10 kila wiki, nusu ya jerikeni. Kama nyumbani kwenu nusu hiyo inatoka kwenye kinywa cha mtoto, usianze. Kama ipo, maji yanayotoka tangini usiyamwage njiani, yapeleke kwenye bustani ya mboga, maana yana nitrati.

7. Usiwamwage mtoni

Anayechoka na samaki wake asiwatupe Rwizi. Mto huu unapita hapa hapa Ruharo, unakunywesha mji, kisha unaelekea mashariki hadi maziwa ya Mburo na Kachera. Tuna funzo karibu nasi. Sangara alitiwa katika Ziwa Victoria miaka ya 1950, na ziwa hilo lilikuwa na aina zinazokadiriwa kufika 500 za wale samaki wadogo ambao Waganda huwaita nkejje na watu wa Mwanza furu. Kufikia mwisho wa miaka ya 1980 nyingi zilikuwa hazionekani tena, na inakadiriwa kuwa karibu 200 zimetoweka. Sangara ni sababu kubwa, pamoja na kuchafuka kwa maji. Baadhi ya aina hizo leo zinatunzwa ndani ya matangi ya kioo ya wafugaji na mabustani ya wanyama huko Ulaya na Marekani. Basi tangi dogo linaweza kuhifadhi umma mzima wa viumbe, na ndoo moja iliyomwagwa mtoni inaweza kuudhuru. Ukishindwa, mpe mwingine anayeweza.

8. Kabla ya likizo

Samaki mzima mwenye afya anastahimili siku chache bila chakula. Mwezi mzima hawezi. Tafuta mtu wa kumkabidhi kabla ya mitihani kuanza, umfundishe, na umpimie chakula katika vikaratasi vya siku kwa siku asije akazidisha. Hiyo ni amana unayoikabidhi, na anayeipokea ana malipo yake, kwani Mtume (s.a.w.) alipoulizwa kama kuwatendea wema wanyama kuna ujira, alithibitisha kwamba upo kwa kila chenye uhai.

Maswali ya kujadili katika darsa

1. Kosa la mwanamke wa paka lilikuwa na sehemu mbili. Kila moja inafanana na kosa gani la mfugaji wa samaki?
2. Eleza kwa nini maji yanayofaa kwa udhu yanaweza yasifae kwa samaki.
3. Mwenzako wa chumba anataka kununua samaki leo na tangi leo. Utamwambia nini, na kwa dalili ipi?
4. Familia inapata jerikeni nne kwa siku. Ni mambo gani wayapime kabla ya kuruhusu tangi nyumbani?

Mwenye tangi lililokomaa hapa Ruharo na awe tayari kugawa kipande cha sponji kwa wanaoanza. Wallahu a'lam, wabillahi tawfiq.