SOMO LA TISA: MAJI YA DODOMA

Jina la Dodoma unalisikia redioni kila siku. Ni makao makuu ya mkoa, tena ni makao makuu ya Serikali. Lakini leo hatusomi habari za mawaziri. Tunasoma habari za maji.

Wenyeji wa Dodoma ni Wagogo. Wazee wao husimulia kwamba tembo alikwenda kijitoni kunywa maji, akazama matopeni. Watu wakasema kwa Kigogo, "Idodomya", yaani amezama. Jina la mji likatoka hapo.

Mji ulianza mwaka 1907, Wajerumani walipokuwa wakijenga reli ya kati. Mwaka 1973 iliamuliwa kwamba makao makuu yahamie huko kutoka Dar es Salaam. Kazi hiyo ilikwenda polepole sana. Serikali ilianza kuhamia kweli kweli mwaka 2016. Mwaka 2018 Dodoma ikawa jiji, na sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu 765,179. Wote hao wanataka maji.

Na nchi ni kavu. Mvua hunyesha kuanzia Desemba hadi Aprili, kiasi cha milimita 550 hadi 600 kwa mwaka. Miezi mingine ni jua na vumbi. Ndiyo sababu Wagogo hulima uwele na mtama. Zabibu pia hustawi, na huvunwa mara mbili kwa mwaka. (Mimi nilidhani zabibu ni tunda la Ulaya, mpaka nilipouziwa stendi ya Dodoma.)

Maji mengi ya mjini hutoka katika visima virefu vya Makutupora, kaskazini ya mji. Wataalamu wamepima maji ya huko tangu miaka ya 1950. Wameona jambo la ajabu. Mvua ya kawaida haivijazi visima hivyo. Hunywewa na udongo wa juu, na nyingine hukaushwa na jua. Visima hujaa katika miaka michache tu ya mvua kubwa sana, kama ile ya mwaka 1997 na 1998. Ni kama ghala ambalo hujazwa mara moja kwa miaka mingi, na watu wanachota kila siku.

Sasa chukua kalamu. Mvua ya milimita 1 ikinyesha mahali penye urefu wa mita 1 na upana wa mita 1, huleta maji lita 1. Tuseme nyumba yako ina paa la bati, urefu mita 6, upana mita 5.

6 x 5 = 30
30 x 550 = 16,500

Hizo ni lita za mwaka mzima. Gawa kwa ndoo ya lita 20, utapata ndoo 825. Mengine yatamwagika, lakini hata robo ikipotea, zinabaki ndoo zaidi ya 600. Mama anayebeba ndoo moja kichwani angekwenda kisimani mara 600.

Mbona basi hatuna maji hayo? Tazama pipa lililo chini ya mchirizi. Ni la lita 200. Mvua ya milimita 7 tu inalijaza, na maji mengine yote yanakimbilia korongoni. Tangi kubwa ni ghali, na wengi hawaliwezi peke yao. Kuna vikundi vya akina mama wanaochangishana fedha kama upatu, wakajengeana matangi nyumba moja baada ya nyingine.

Maji ya mvua ya kwanza yaache yapite, maana yanaosha vumbi na mavi ya ndege. Kisha funika tangi vizuri, mbu wasizae humo.

MASWALI
1. Pima paa la nyumba yako kwa hatua. Mvua ya milimita 10 italeta lita ngapi?
2. Kisima cha kijiji chenu hukauka mwezi gani? Mwulize mzee mmoja ni mwaka gani hakikukauka, uandike jibu lake.